Mkulima wa karanga aliyepewa jimbo

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita mliuliza: "Je, mtu aliyejijenga kwa biashara ya shamba anafaa kuongoza serikali kuliko msomi wa mjini?" Nadhani wengi watawajibu kwa ndiyo au hapana. Mimi namleta mzee mmoja wa Australia, Joh Bjelke-Petersen, aliyekuwa waziri mkuu wa jimbo la Queensland, ambaye kwa maisha yake alitoa majibu yote mawili.

Alizaliwa New Zealand mwaka 1911, wazazi wake wakiwa na asili ya Denmark. Akiwa bado mdogo familia ilihamia Kingaroy, katika jimbo la Queensland, nchi ya udongo mwekundu na karanga. Polio ilimpata utotoni ikamwachia mguu mmoja mfupi kuliko mwenziwe. Shule aliiacha mapema, akaingia shambani. Wapinzani wake walipenda kumcheka kwa hilo, nami nawaona walikosea pa kuchekea. Kwa karibu miaka 15 kijana huyu aliishi kwenye banda kuukuu la kukamulia ng'ombe, akifyeka pori na kupanda karanga. Alichopata hakukila. Alinunua mitambo, akawa anachukua kazi za kusafisha mashamba ya watu wengine. Badala ya kung'oa mti mmoja mmoja, alifunga mnyororo mzito kati ya matrekta mawili makubwa yaendayo sambamba, na kila kilichosimama katikati kikalala. Baadaye akaingia kwenye biashara ya ndege za kunyunyiza dawa na kumwaga mbegu. Basi alipochaguliwa kuingia bunge la jimbo mwaka 1947, hakuwa mtu anayetafuta mshahara.

Huko bungeni alikaa miaka mingi bila makeke. Mwaka 1963 akawa waziri wa ujenzi, na Agosti 1968, baada ya waziri mkuu wa jimbo kufariki ghafla, kiti kikamwangukia yeye. Akakikalia zaidi ya miaka 19.

Nianze na ndiyo yangu. Mkulima huwa na ardhi kubwa na fedha kidogo. Baba akifa, watoto wanadaiwa kodi ya mirathi kwa thamani ya shamba, na fedha taslimu hawana. Inabidi wamege ardhi waiuze. Joh aliyajua hayo kwa kuyaishi. Mwaka 1977 Queensland ikaifuta kodi hiyo. Wastaafu wa majimbo mengine wakaanza kuhamia huko na mali zao, na haikupita miaka mingi serikali ya shirikisho na majimbo yote yaliyobaki yakafuata. Sidhani kama mtu wa ofisini tu angeliona jambo hilo haraka hivyo. Migodi ya makaa ya mawe, reli na bandari za jimbo nazo zilikua sana zama zake.

Sasa upande wa pili, na huku ndiko kwenye mengi. Mwenye shamba akitaka kuangusha mti haombi ruhusa kwa mtu. Joh alikwenda na tabia hiyo hadi serikalini, akaendesha jimbo kama ekari zake. Hoteli ya Bellevue, jengo la karne ya 19 mkabala na bunge mjini Brisbane, lilikuwa na watetezi wengi waliotaka lihifadhiwe. Usiku mmoja wa Aprili 1979, saa sita ikiwa imeshapita, mitambo ikaletwa chini ya ulinzi wa polisi, watu wakipiga kelele nje ya uzio. Kulipokucha, hoteli ilikuwa kifusi. Maandamano ya barabarani alikuwa ameshayapiga marufuku tangu 1977. Mwaka 1985 wafanyakazi wa umeme walipogoma, takriban 1,000 walifukuzwa. Waandishi wa habari wakimbana kwa maswali, jibu lake lilijulikana: msiwe na wasiwasi na hilo. Kukutana nao alikuita kuwalisha kuku.

Mtauliza, wapiga kura walikuwa wapi? Kura ya shamba ilihesabika zaidi. Majimbo ya uchaguzi ya vijijini yalikuwa na wapiga kura wachache kuliko ya mjini, utaratibu ulioanzishwa na wapinzani wake wa chama cha Labor wenyewe mwaka 1949, kisha Joh akaunoa. Mwaka 1972 chama chake kilipata asilimia 20 ya kura na viti 26. Labor wakapata karibu asilimia 47 na viti 33, wakabaki upinzani kwa sababu chama cha tatu, Liberal, kilikuwa upande wa Joh. Kufikia 1986 hakuhitaji tena mshirika: asilimia 39.6 ya kura ilimpa viti 49 kati ya 89.

Aliyemwangusha hakuwa mpinzani. Mei 1987, wakati Joh akiwa safarini, naibu wake Bill Gunn aliamuru uchunguzi kuhusu rushwa ya polisi, kamari na madanguro, chini ya mwanasheria Tony Fitzgerald. Ushahidi ukaanza kumwagika hadharani. Novemba chama chake kikachagua kiongozi mwingine. Yeye akang'ang'ania ofisi siku kadhaa, kisha akajiuzulu tarehe 1 Desemba. Kamishna wa polisi wa zama zake, Terry Lewis, alifungwa mwaka 1991. Joh mwenyewe alishtakiwa mwaka huohuo kwa kusema uongo chini ya kiapo, lakini jopo la raia waliosikiliza kesi likashindwa kuafikiana. Kiongozi wa jopo hilo, ikaja kujulikana, alikuwa mwanachama wa umoja wa vijana wa chama cha Joh.

Mkewe Flo, seneta kwa miaka 12 na maarufu kwa skonzi zake za maboga, alipendwa hata na waliomchukia mumewe.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba mpeni kazi mtu wa shamba, ila msimwache bila wa kumwambia hapana. Joh hakuwahi kukubali kwamba kulikuwa na cha kumwambia hapana. Mwaka 2003, akiwa na miaka 92, aliidai serikali ya Queensland fidia ya dola milioni 338 za Australia kwa biashara aliyosema aliikosa kwa sababu ya uchunguzi ule. Serikali ilikataa kulipa.