Kabla ya Rangi, Tazama Mapezi

Samaki wangu wa kwanza walikuja Mbeya kwa basi kutoka Dar es Salaam, wanane ndani ya mfuko mmoja, wote wadogo, wote wa manjano wenye mistari myeusi. Muuzaji aliniambia ni lochi, samaki wadogo wa maji baridi wanaokaa chini ya tangi. Nikawaweka tangi moja, chakula kimoja kikavu. Wiki mbili baadaye watano walikuwa wamenona, watatu wamekonda hadi matumbo yameingia ndani. Hao watatu walikuwa samaki wa jamii nyingine, gobi, aina ya Brachygobius, ambao mara nyingi hawagusi chakula kisichotembea. Walitaka viluwiluwi vya mbu, na mimi sikujua. Wawili walikufa, na hadi leo inaniuma.

Kwa hiyo ndugu yangu, rangi iache kwanza. Tazama mgongo. Lochi ana pezi moja la mgongoni. Gobi ana mawili, moja nyuma ya jingine. Usiwe na haraka, maana gobi aliyetulia hulaza lile la mbele na utaapa ana moja tu. Subiri asogee.

Kisha tazama mdomo. Anayemfahamu kambale hapati shida hapa: lochi ana sharubu, gobi hana. Za lochi mchanga ni fupi na zimeelekea chini, basi chuchumaa, umulike kwa tochi ya simu.

Chini ya tumbo, mapezi mawili ya gobi yameungana kama kikombe, naye hujibandika nayo kwenye kioo. Lakini kujibandika peke yake si ushahidi: wapo lochi wa mito ya milimani, bapa, wanaong'ang'ania kioo vilevile. Rudi mgongoni ukahesabu.

Baadhi ya lochi wana mwiba chini ya jicho, huufyatua wakishtuka. Wangu mmoja alinasa kwenye wavu nikalazimika kuukata wavu. Siku hizi nawahamisha kwa kopo.

Wale lochi watano walikuwa aina ya Chromobotia macracanthus, asili yao visiwa vya Sumatra na Borneo, Asia. Wanaweza kufika sentimita 30, kwa hiyo tangi dogo la mezani si lao, na wanataka maji ya nyuzi 25 hadi 30. Kwa baridi yetu ya Juni na Julai, bila hita utawaua. Umeme ukikatika usiku, mimi huamka nikalifunika tangi kwa blanketi.