Nyumba ya Kisasa Mnayoniomba

Kaka, juzi umenitumia sauti ya dakika nne: nyumba ya bibi pale Majengo mwaivunja, na wataka picha za "nyumba za kisasa za Ujerumani". Paa bapa, kuta nyeupe, vioo toka sakafuni hadi juu. Wasema mimi nakaa nazo kila siku. Kweli, nakaa nazo. Wacha nikwambie zilivyo.

Nimepanga Frankfurt, Römerstadt, mtaa wa miaka ya 1920. Jiko langu lafuata mchoro wa msanifu majengo Margarete Schütte-Lihotzky wa 1926: upana haufiki mita 2, urefu ni mita 3 na kitu. Mama yule alihesabu hata hatua za mpishi ili asichoke. Akili nyingi! Ila hakumhesabu mtu aliyekalia mbuzi. Nikikuna nazi magoti yagonga kabati. Ni jiko la mtu anayepika peke yake, na wallahi ndivyo ninavyopika.

Aliyeongoza ujenzi wa mitaa hii ni Ernst May. Paa bapa za wakati ule ziliwakera wengi. Mtaa wa Weissenhof kule Stuttgart, wa 1927, wapinzani waliutolea postikadi, wakaubandika ngamia na simba, wakauita kijiji cha Waarabu. Nilipoiona nilicheka: wewe waiita Ulaya, wao waliiona kama kwetu!

May mwenyewe alikuja Afrika Mashariki 1934, akakaa karibu miaka 20. Hoteli ya Oceanic hapo Mombasa aliichora yeye. Huku Frankfurt kazi yake ilikuwa kuliingiza jua ndani. Huko ikabidi alikinge, autafute upepo. Fundi wa bibi hakuwa na karatasi hata moja, lakini aliunyoosha ule ukumbi toka mlango wa mbele hadi uani, na upepo wapita mpaka leo. Umesahau tulivyokuwa tukilala pale chini mchana wa Ramadhani?

Rafiki yangu akaa ghorofa jipya la vioo. Julai iliyopita alilala bafuni, juu ya vigae, kwa joto. Nanyi mwataka vioo hivyo viangalie kaskazi ya Januari? Bili ya stima ya AC alipe nani?

Halafu baraza. Fundi wenu asema yala nafasi. Mimi hapa mwaka wa sita, na jirani wa mlango wa pili namjua kwa viatu vyake tu.

Jengeni kwa simiti, pandisheni ghorofa, paa iwe bapa mukitaka, nguo zitaanikwa. Lakini ukumbi unyooke, uwa ubaki, na baraza ipate kivuli. Mwisho wa mwezi natuma pesa za simiti. Za vioo situmi.