Kidonge Kimekuwa Cheusi, Mbona Sumaku Haielei Juu Yake?

SWALI: Salamu, mhariri. Klabu yetu ya sayansi ilichanganya oksidi ya itriamu, bariamu kabonati na oksidi ya shaba, ikachoma kwa nyuzi 950, ipate kidonge ambacho kikipozwa sana hupitisha umeme bila ukinzani na sumaku huelea juu yake. Kidonge kilitoka cheusi vizuri. Muda ulitubana, tukakitoa kingali chekundu kwa moto, kikapoa sakafuni. Tulipokizamisha kwenye naitrojeni ya majimaji, sumaku ililala juu yake tu. Tumekosea wapi?
Mwalimu, Kisauni

JIBU: Mwalimu, kosa liko hapo sakafuni. Kingekuwa cha kijani tungelaumu vipimo au usagaji, maana kijani ni Y2BaCuO5, nayo haina la kufanya hata uipoze vipi. Cheusi ni kitu chenyewe, YBa2Cu3O7, ila hiyo 7, hesabu ya oksijeni, haikai mahali pamoja. Kwenye nyuzi 950 oksijeni hutoroka hadi kubaki 6.2 hivi, kisha hurudi polepole kidonge kikipoa. Nyinyi mlikipoza ghafla, mkaifungia nje.

Mlicho nacho ni antiferomagneti. Kila atomu ya shaba kwenye matabaka yake ni kisumaku kidogo, na majirani zake wanne wote wameelekea kinyume chake, kama ubao wa dama: cheusi hakipakani ubavu na cheusi mwenziwe. Elektroni zimejifungia, kila moja kwake, hivyo umeme haupiti. Oksijeni ikiwa 6 kamili, mpangilio huo hustahimili hata maji yanayochemka. Oksijeni ikiongezeka hunyakua elektroni na kuacha matundu, na kila tundu linalotembea huivuruga dama. Kwenye 6.4 hivi mpangilio husambaratika; karibu na 6.93 ukinzani hupotea kwa kelvini 93 (nyuzi 180 chini ya sifuri), na naitrojeni huchemka kwa 77, hivyo baridi yake inatosha.

Basi msikitupe. Kipimeni uzito, kitieni ndani ya bomba la kauri, mpitishe oksijeni taratibu kwa nyuzi 500 saa 12 hadi 24, kisha mshushe nyuzi 50 kwa saa mpaka 200. Mtungi wa mafundi wa kuchomelea unatosha, lakini mpira na kidhibiti cha gesi visiwe na hata tone la grisi. Grisi na oksijeni ya mtungi huwaka kwa kishindo. Pimeni tena: kidonge cha gramu 5 kiongezeke kama gramu 0.07 hadi 0.1. Uzito usipopanda, oksijeni haijaingia, pengine kwa kuwa kidonge kilishindiliwa mno.

Mkianza upya: itriamu oksidi gramu 1.129, bariamu kabonati 3.947, oksidi ya shaba 2.386. Sageni, chomeni saa 12 kwa nyuzi 920, msage tena na kuchoma tena, ndipo mkandamize kidonge. Bariamu kabonati ni sumu ikimezwa, kwa hiyo vaeni barakoa, na kinu mlichosagia kisirudi jikoni.

SWALI: Kitabu kimoja chasema antiferomagneti huua upitishaji wa umeme usio na ukinzani, kingine chasema ndiyo huuzaa. Nishike lipi?
Mwanafunzi, Likoni

JIBU: Yashike yote mawili. Kinachoua ni mpangilio kamili uliotanda kidonge kizima. Katika La2CuO4, oksidi nyingine ya shaba yenye lanthanamu, matundu 2 hivi kwa kila shaba 100 yanatosha kuuvunja. Ukinzani huanza kupotea kwenye matundu 5 na hali huwa bora karibu na 16. Lakini ujirani haufi. Kisumaku bado humvuta mwenziwe kinyume, kwa umbali wa atomu chache na kwa kitambo kidogo sana, na nyutroni zikirushwa humo huyaona mawimbi ya mivuto hiyo: kwenye YBa2Cu3O7 kuna kilele cha nishati ya elektroni-volti 0.041 ambacho huchomoza kidonge kinapopoteza ukinzani. Wanafizikia wengi, nasi tumo, huamini mawimbi hayo ndiyo yanayozifunga elektroni mbilimbili, zikapita bila ukinzani. Ubishi haujaisha. Hata hivyo, michanganyiko ya chuma iliyogunduliwa 2008 nayo ilikutwa jirani kabisa na antiferomagneti, na hilo si la kupuuza.

SWALI: Kidonge changu kilielea vizuri, baada ya mwezi mmoja ndani ya mtoto wa meza kimeota unga mweupe.
Msomaji, Mji wa Kale

JIBU: Ni unyevu wetu wa pwani. Maji huichomoa bariamu, nayo hunasa kaboni dioksidi ya hewani ikarudi kuwa kabonati. Hifadhi kwenye kopo lisilopitisha hewa, na vile vipakiti vya kukausha vya kwenye maboksi ya viatu. Kibaya zaidi ni umande: kidonge kikitoka tu kwenye naitrojeni, kifunge ndani ya mfuko wa plastiki kikiwa bado baridi, maji yagande nje ya mfuko, na usiufungue mpaka kipate joto la chumba.