AC inanuka soksi, mtoto anakohoa

Joto limerudi, na barua za mwezi huu karibu zote ni za AC. Nimejibu nne.

*Mwanangu wa miaka minne ana pumu. Tukiwasha AC usiku anakohoa, na ikianza kupuliza chumba kinanuka soksi mbichi. Fundi anasema gesi imepungua. Mama mzazi, Tabata.*

Harufu hiyo si ya gesi, mama. Ni kuvu. AC hupitisha hewa kwenye koili baridi, na unyevu hugeuka maji pale, kama jasho la glasi yenye barafu. Kwa hewa ya Dar es Salaam, Desemba hadi Machi, yanaweza kufika lita kadhaa kwa usiku mmoja. Yanatakiwa kuteremkia kwenye trei na kutoka nje kwa bomba. Bomba likiziba maji hulala humo, vumbi hunata, kuvu huota. Feni ikizunguka inarusha chembechembe zake chumbani, na mwenye pumu ndiye wa kwanza kuzihisi.

Kwa sasa mtoto alale chumba kingine. Toa chujio, lioshe kwa maji na sabuni, likauke kivulini; msimu huu fanya hivyo kila wiki mbili. Kisha mulika tochi kwenye gurudumu la feni, lile refu lenye mapanga madogo. Ukiona madoa meusi, mwite fundi mwenye pampu ya kuoshea, na bomba nalo alizibue. Akija na kopo la manukato tu, mrudishe alikotoka: manukato yenyewe huamsha pumu.

Na kliniki usiiache. Pumu inayomkohoza mtoto kila usiku haijadhibitiwa, hata kama AC itang'aa.

*Kwani gesi huisha? Mimi najaziwa kila baada ya miezi mitatu. Kinondoni.*

Hii si gesi ya kupikia. Haichomwi, inazunguka tu ndani ya mirija iliyofungwa. Ikipungua, pana tundu, na anayejaza bila kulitafuta amejiwekea mshahara kwako. Kwa kifua, hasara huja kwa njia ya kuzunguka: gesi ikiwa chache koili hushika barafu, barafu ikiyeyuka maji humwagika ukutani, nasi tumerudi kwenye kuvu ya Tabata.

*Bibi anasema AC imempa mjukuu nimonia. Mombasa.*

Nimonia huletwa na vijidudu. Ila bibi msimcheke. Hewa baridi na kavu hukausha koo, na AC nyingi za ukutani huzungusha hewa ileile bila kuingiza ya nje, hivyo mafua ya mmoja huwa ya wote. Wekeni nyuzi 25 au 26, upepo usimpige mtoto usoni, na asubuhi fungueni madirisha.

Mkiwa na wasiwasi, mhesabuni pumzi dakika nzima akiwa ametulia. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, au wa mwaka mmoja hadi mitano akifikisha 40, na anakohoa, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo. Vivyo hivyo kifua kikibonyea chini ya mbavu anapovuta hewa. Msingoje kwanza fundi amalize kazi yake.

*Huku Muscat kiangazi AC haizimwi, na udi tunafukiza chumbani. Wifi yangu kifua kinambana. Kuna ubaya?*

Upo. Moshi ni moshi hata ukinukia, na katika chumba kilichofungwa kwa ajili ya AC hauna pa kutokea. Dawa ya mbu ya kuchoma ni hivyohivyo. Makaa ya chetezo nayo hutoa gesi isiyo na harufu, ambayo ikijaa chumbani huua, kwa hiyo msilale nayo kamwe. Chetezo kipelekeni uani, nguo zifukizwe huko, ziingie ndani zimeshanukia.