Maswali ya wachoraji: haki, jina na pesa

*Niko Kondele, Kisumu. Nachora vibonzo vya mapenzi ya wanaume kwa wanaume, vya watu wazima, na navitoa mwenyewe mtandaoni. Kazi hii itanilisha?*

Inaweza, ila kibarua usikiache bado. Touko Laaksonen, mchoraji wa wanaume wapenzi anayejulikana kama Tom of Finland, alianza kutokea kwenye jarida moja la Marekani mwaka 1957, sheria ya kwao Ufini ikiwa bado inawafunga wanaume wanaopenda wanaume, kama yeye. Mchana alifanya kazi ya matangazo ya biashara, usiku alichora, hadi 1973 alipoacha ajira. Miaka hiyo yote watu walikuwa wakinakili michoro yake na kuiuza bila kumpa chochote. Kampuni ya kulinda haki zake ilianzishwa 1979, sifa zake zikiwa zimeenea zamani.

Wewe anza na haki. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 inasema kazi ya kuagizwa huhesabiwa kuwa ya aliyeagiza, msipokubaliana vingine. Wengi wenu hamjui hili, mnauza shamba mkidhani mnauza mahindi. Kabla ya kuanza, mwandikie mteja: hakimiliki inabaki kwangu, wewe unapata nakala ya kutazama. Akijibu “sawa”, hifadhi ujumbe huo.

*Nitumie jina langu halisi? (Nakuru)*

Hapana. Kifungu cha 181 cha Kanuni ya Adhabu kinamgusa anayetengeneza na kuuza michoro ya ngono, na mwenye nyumba wako hahitaji hata kifungu cha sheria ili akufukuze. Kumbuka pia kwamba anayekutumia pesa kwa M-Pesa anaona jina lako. Mnajipa majina ya kazi mazuri, kisha mnamtumia mtu msiyemjua namba ya simu!

*Mteja anataka nimalize ndipo alipe.*

Swali hili tena! Nusu kabla ya penseli kugusa karatasi, nusu kabla ya faili kutoka. Rasimu mtumie ndogo, jina lako la kazi likipita katikati ya miili, si pembeni ambako linakatwa kwa sekunde. Faili ya kazi yenye tabaka zote (layers), ambayo mtu anaweza kuihariri, haitoki kamwe.

*Mteja ametuma picha ya jirani yake, anataka nimchore uchi na mwanamume. (Kakamega)*

Usichore. Mwenye picha hakuulizwa, na huku kwetu mchoro huo ni silaha ya kumtoza mtu pesa au kumharibia kazi. Rudisha hela, futa picha. Na wahusika wako wote wawe watu wazima, waonekane watu wazima. Hilo halina mjadala.

*Simu au kompyuta? (Busia)*

Ulicho nacho.

*Tovuti gani nzuri ya kuuzia?*

Usitegemee moja. Machi 2024 Gumroad ilikataza sehemu kubwa ya kazi za ngono, na waliouzia huko pekee walilazimika kuwatafuta wasomaji upya. Kusanya barua pepe za wasomaji wako mwenyewe, kisha uifunge orodha hiyo kwa nywila na usimwonyeshe yeyote, hata mpenzi wako. Humo mna watu ambao wakijulikana watafukuzwa makwao.