Kashfa ikilipuka, mwandikie mbunge wako barua kwa mkono

Kila kashfa ya serikali inapolipuka hapa Tanzania, makundi ya WhatsApp hujaa matusi hadi simu inakwama. Mimi siku hizo huchukua karatasi ya mistari na kalamu, nikamwandikia mbunge wangu. Kwa mkono, kwa sababu mkono huchoka upesi. Ukishajua kila sentensi itakugharimu, unajiuliza: hili nimelijuaje?

Anza na "Yah:" kama tulivyofundishwa shuleni. Kisha tenga lililothibitishwa na linalosemwa. Ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ikishawasilishwa bungeni ni ya wote, kwa hiyo taja ukurasa. Cha kijiweni kiache, au kiulize kama swali. Na neno "mwizi" liache kabisa. Hilo ni la hakimu.

Kazi kubwa ni aya ya mwisho, unapoeleza unataka nini. Wengi huandika "ajiuzulu" wakaweka sahihi. Hapo ndipo ninapowashika shati wenzangu, maana kujiuzulu ni jambo moja na sheria kuchukua mkondo wake ni jingine. Mzee Ali Hassan Mwinyi aliachia Wizara ya Mambo ya Ndani mwaka 1977 kwa sababu watuhumiwa wa mauaji ya vikongwe kule Shinyanga na Mwanza waliteswa, wengine wakafa mikononi mwa vyombo vya dola. Yeye hakumgusa mtu. Alibeba dhamana ya wizara, basi. Lakini waliohusika na mateso hayo nao walifikishwa mahakamani. Yalikwenda yote mawili.

Sasa tazama Richmond, kashfa ya mkataba wa umeme wa dharura. Februari 2008, baada ya taarifa ya kamati ya Bunge ya Dk. Harrison Mwakyembe iliyouchunguza mkataba huo, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu, na mawaziri Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha wakafuata. Bunge lilitikisika, magazeti yakauzika. Lowassa hakupandishwa kizimbani kwa jambo lile, na mpaka leo wapo wanaoapa kwamba alionewa na wapo wanaoapa kwamba aliponea chupuchupu. Mahakama ingetusaidia sote, yeye akiwa wa kwanza.

Kwa hiyo mimi huomba utaratibu kwanza: nani anachunguza, jalada liko kwa nani, Bunge litaarifiwa lini. Ukitaka kushika kitu, Ibara ya 26(2) ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuhakikisha hifadhi ya Katiba na sheria za nchi. Inakutaja wewe, si wanasheria peke yao.

Barua isizidi kurasa mbili. Toa fotokopi, peleka mwenyewe ofisi ya mbunge, na usiondoke kabla nakala yako haijagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Wakikwambia "mwenye muhuri katoka", kaa kwenye benchi umsubiri. Mwezi ukipita kimya, andika ya pili fupi ukirejea tarehe ya ile ya kwanza. Hiyo, kwa uzoefu wangu, ndiyo inayojibiwa.