Mbele ya nyumba papendeze bila kushinda na mpira wa maji

Mtu akiniuliza aanzie wapi kupendezesha mbele ya nyumba, humwambia aangalie chini ya ukuta kwanza, maua baadaye. Huku Tanga, hasa kwenye udongo mwekundu kama njia ya Pongwe, masika moja tu inatosha. Maji ya bati yanaanguka, yanarusha tope, na ukuta uliopakwa rangi nyeupe juzi unabaki na ukanda wa kahawia hadi usawa wa goti. Hapo hata upande waridi la namna gani, nyumba inaonekana chakavu.

Dawa yake ni kokoto. Chimba kidogo ukanda wa kama sentimita 60 kuzunguka nyumba, pale hasa matone yanapoangukia. Ng'oa ukoka na mizizi yake yote, tandika viroba vikuukuu vilivyochanwa, kisha mwaga kokoto unene wa vidole vinne. Viroba vinapitisha maji ila magugu yanapata tabu kuchomoza. Mwinuko uelekee nje, maji yasirudi kwenye msingi. Tangu niweke wangu, masika ikiisha sihangaiki na ndoo ya rangi.

Kuna wanaomwaga zege uwanja mzima ili wasifagie. Mimi sishauri. Jua la Januari linageuza uwanja kikaango, na maji yote ya mvua unamsukumia jirani.

Ukoka wa Pemba ni mzuri, sibishi, lakini unataka maji na kufyekwa. Weka kipande kidogo tu mbele ya baraza.

Kwa rangi, hakuna kama bogenvilia. Ukiidekeza kwa maji kila siku inakupa majani matupu. Ikishashika mizizi, iache ipate kiu ndipo inawaka. Isogelee uone: hayo mapana yenye rangi ni majani tu, ua lenyewe ni kile kijibomba cheupe kilichojificha katikati. Ipande masika inapoanza, mvua ikumwagilie bure. Ina miiba, kwa hiyo isikae watoto wanapopita.

Mshubiri nao haukudai kitu. Na mtanicheka, lakini mkonge mmoja au miwili kando ya geti inapendeza mno. Watu wanaona ni mambo ya shamba, kana kwamba si zao hili, lililoletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, lililoupa mkoa wetu umaarufu. Ncha zake zinachoma, uweke mbali na njia. Siku ukitoa mlingoti wa maua ujue unaaga, ila utakuachia vichipukizi vya kugawia mtaa mzima.

Mlio karibu na bahari, Raskazoni na Sahare, chumvi italila geti kabla ya yote. Sugua kutu kwa brashi ya waya, suuza kwa maji yasiyo na chumvi, likikauka pakeni rangi ya kuzuia kutu kwanza, ndipo ije hiyo ya urembo.